Matuta, Kura Tatu na Ngonjera: Tunakumbuka Nini Uluguru?

Katika sherehe zetu za kukumbuka kupigania uhuru, fasihi ndiyo hubebeshwa mzigo wa historia. Kuna risala, kwaya, ngoma na ngonjera za watoto wa shule. Mwananchi wa Mlali, pale chini ya milima ya Uluguru, njia ya kupandia Mgeta, habari za haki ya kupiga kura huzisikia zaidi jukwaani kuliko kuzisoma kitabuni. Je, jukwaa hilo linamwambia nini, na linamficha nini?

Tuanze na historia yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani, eti kuhifadhi udongo. Kazi ilikuwa ngumu na faida haikuonekana. Julai 1955, kule Matombo, watu walikusanyika kupinga, polisi wakapiga risasi na mtu mmoja akafa. Mpango ukafa nao. Kwa maoni yangu hiyo nayo ilikuwa kura, ila haikuwa na karatasi wala sanduku.

Karatasi ilikuja Septemba 1958, na ilikuja na masharti. Mpigakura alitakiwa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kinachotambuliwa. Tena alilazimika kuchagua watu watatu, yaani Mwafrika, Mwasia na Mzungu, la sivyo kura yake inaharibika. Katika nchi ya watu karibu milioni 9, walioandikishwa walikuwa kama 60,000 tu. Basi jiulize: mkulima aliyekataa matuta mwaka 1955 angepata wapi pauni 150? Na mwanamke wa Kiluguru, ambaye ukoo na ardhi hufuata upande wake, angeingia kwa mlango upi?

TANU yenyewe iligawanyika. Mkutano wa Tabora, Januari 1958, uliamua kushiriki kura hiyo ya ubaguzi. Zuberi Mtemvu akakataa, akatoka na kuunda chama chake cha African National Congress. Huku kwetu, Jimbo la Mashariki, Mwalimu Nyerere alishindana na Patrick Kunambi, Mluguru na mmoja wa waasisi wa TANU wa mwaka 1954. Nyerere akashinda. Mbona mambo haya hatuyasikii jukwaani?

Jibu moja liko katika fani. Ngonjera, kama alivyoiendeleza Mathias Mnyampala, hujengwa kwa pande mbili: mmoja hajui, mwingine anajua, wanabishana, halafu asiyejua anakubali. Fani hiyo ilifaa sana kueneza siasa baada ya Azimio la Arusha la 1967. Lakini Tabora walibishana watu ambao wote wanajua na wote wanataka uhuru. Kunambi naye utamweka upande gani? Ukimfanya mjinga, umesema uongo. Ukimfanya msaliti, umemfuta mwasisi. Kwa hiyo watunzi wengi huona heri kumwacha, wakamwimba mkoloni, ambaye hana utata. Maudhui yamekatwa yatoshe ndani ya fani, kama kitambaa cha mtu mnene kilichoshonewa mwembamba.

Jambo la pili linatuhusu sisi wa fasihi moja kwa moja. Kwa uchaguzi wa 1960 masharti yalilegezwa: aliyejua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza aliweza kuandikishwa. Yaani Kiswahili kiligeuka ufunguo wa sanduku la kura! Darasa la kusoma la kijijini likawa mahali pa siasa. Hili nalo halitungiwi hata shairi moja jukwaani. Tunasifu Kiswahili kuwa lugha ya umoja, tukasahau kwamba kiliwahi kuwa cheti cha uraia.

Sisemi ngonjera zitupwe. Nasema zisiachwe peke yake. Mlali wapo wazee waliosimuliwa na wazazi wao habari za matuta. Waitwe shuleni wasimulie, vijana waulize, kisha waigize mabishano ya Tabora bila kuambiwa mapema nani atashinda. Tangu 1992 tumerudi kwenye vyama vingi, lakini majukwaa yetu bado yana mshindi mmoja kabla pazia halijafunguliwa. Mtoto asiyewahi kuona watu wazima wawili wakitofautiana kwa heshima jukwaani, tutamlaumuje akiona kila mpinzani ni adui? Wanafasihi wenzangu, kazi hiyo ni yetu.