Thessaloniki: Pa kulala katika mji wa bahari usio na ufuo

WAKENYA wengi hulijua jina la mji huu kutoka kwenye Biblia kabla ya kuliona kwenye ramani. Ndio mji wa Wathesalonike, wale walioandikiwa nyaraka mbili na Mtume Paulo, na hadi leo ndio wa pili kwa ukubwa nchini Ugiriki baada ya Athens. Umekaa kwenye pembe ya Ghuba ya Thermaikos, kaskazini mwa nchi, na siku ambayo hewa haina ukungu mtu aliyesimama kando ya maji huuona Mlima Olympos ng'ambo ya ghuba.

Aghalabu picha zinazotumiwa kutangaza vyumba vya Thessaloniki ni za ukingo huo wa maji: Mnara Mweupe (ambao kwa kweli leo si mweupe, una rangi ya mawe yake), machweo ya jua na watu wakitembea. Mgeni akiziona hudhani kwamba chumba kinachoelekea bahari kiko karibu na mahali pa kuogelea. Sivyo. Katikati ya mji hakuna mchanga hata kidogo. Kuna njia pana ya miguu, ukingo uliojengwa, kisha maji ya bandari. Watu hutembea hapo, huendesha baiskeli na kuvua samaki kwa ndoana, lakini hawaogelei. Kwa hivyo anayelipa zaidi ili awe karibu na bahari ananunua mandhari, na mara nyingi ananunua kelele pamoja nayo. Asiyelifahamu jambo hili mapema hulitambua akiwa tayari ameshatoa pesa zake.

Kwa mwenye pasipoti ya Kenya, suala la malazi lina uzito maradufu. Ugiriki imo katika eneo la Schengen, na anayeomba visa hutakiwa kuonyesha atakapolala kwa siku zote za safari, pamoja na bima ya safari ya kiasi kisichopungua euro 30,000. Ada ya visa kwa mtu mzima imekuwa euro 90 tangu Juni 2024, na ombi likikataliwa ada hiyo hairudishwi. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na, kwa kawaida, si chini ya siku 15. Maana yake ni kwamba chumba huwekwa kabla msafiri hajajua kama atasafiri. Zile bei za chini zenye masharti kwamba malipo hayarudishwi ni mtego kwa mtu wa namna hii. Ni afadhali kulipa zaidi kidogo kwa chumba kinachoweza kufutwa bila gharama hadi siku chache kabla ya kuwasili. Jina kwenye stakabadhi nalo lilingane na lile lililo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Aidha, usiifute nafasi hiyo punde tu visa inapotoka ukitarajia kujitafutia ukifika. Afisa wa mpakani ana haki ya kukuuliza unalala wapi.

Baada ya hayo ndipo mtu aitazame ramani, nayo husomeka kwa urahisi akijua kisa kimoja. Mnamo Agosti 1917 moto mkubwa uliteketeza sehemu kubwa ya mji wa chini na kuwaacha maelfu ya watu bila makao. Serikali ilimwita mbunifu Mfaransa, Ernest Hébrard, aongoze kazi ya kuuchora upya. Uwanja wa Aristotelous unaofunguka hadi baharini ulitokana na mchoro huo. Hiyo ndiyo sababu mji wa chini una barabara zilizonyooka, ilhali mtaa wa juu, Ano Poli, ambao moto haukuufikia, ungali na vichochoro vilivyopinda. Barabara kuu za chini zimelala sambamba na maji. Ukianzia baharini utakutana na Nikis, kisha Mitropoleos, Tsimiski, Ermou na Egnatia, na hatimaye Agiou Dimitriou. Kadiri unavyoipa bahari kisogo, ndivyo kwa kawaida bei inavyoshuka na mwinuko unavyoongezeka.

Nikis ndiyo barabara ya ukingoni kabisa. Vyumba vyake vya mbele vina mandhari yasiyo na kifani, lakini chini yake kuna mikahawa iliyopangana bega kwa bega, na Wagiriki hawali chakula cha jioni kabla ya saa tatu usiku. Sheria inataka utulivu katika makazi wakati wa kiangazi kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na moja na nusu jioni, na tena saa tano usiku hadi saa moja asubuhi. Hata hivyo, sheria ni kitu kimoja, na Ijumaa usiku katika barabara ya mikahawa ni kitu kingine. Hali ni hiyo hiyo, tena kwa kiwango cha juu, katika Ladadika karibu na bandari, mtaa uliopata jina lake kutokana na maduka ya mafuta yaliyokuwa hapo zamani. Leo umejaa migahawa na vilabu. Jirani yake, kuzunguka barabara ya Valaoritou, ni makao mengine ya wapenda muziki wa usiku. Kijana aliyekuja kustarehe atafurahi huko. Mzazi mwenye watoto, au mtu anayeamka alfajiri kwenda ziara, asilale hapo hata akipewa nusu bei.

Upande wa magharibi wa Egnatia, kuelekea Uwanja wa Dimokratias ambao wenyeji huuita Vardaris, ndiko zilikojaa hoteli za zamani za bei nafuu. Kituo cha reli hakiko mbali. Magari ni mengi, majengo yamechakaa, na baadhi ya mitaa ya nyuma haipendezi kutembea usiku. Hata hivyo hapafai kudharauliwa, kwa sababu tutakayoieleza hapo chini.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, anayekwenda kwa mara ya kwanza afanye makao yake kati ya kanisa la Agia Sofia na Mnara Mweupe, katika mitaa iliyo nyuma ya Tsimiski na kuelekea Egnatia. Kutoka hapo, mnara, tao la mfalme Galerius, jengo la duara liitwalo Rotunda na soko la Kapani vyote hufikiwa kwa miguu. Upande wa Rotunda ni wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Aristotle, kwa hivyo vyakula vya bei nafuu havikosekani. Muhimu zaidi, tangu tarehe 30 Novemba 2024 mji una metro. Ujenzi wake ulianza mwaka 2006 ukachukua miaka 18, kwa sehemu kwa sababu kila walipochimba walikuta mji mwingine chini. Katika kituo cha Venizelou, abiria hupita kando ya barabara ya kale iliyofukuliwa wakati wa ujenzi. Njia hiyo ya kwanza ilifunguliwa ikiwa na vituo 13, kuanzia kituo cha reli hadi Nea Elvetia mashariki. Ujio wake umebadilisha hesabu za malazi: chumba cha mbali kidogo lakini kilicho karibu na kituo sasa chaweza kuwa bora kuliko cha katikati. Angalizo: njia hiyo haifiki uwanja wa ndege, ulio kilomita zipatazo 15 kusini mashariki mwa mji. Huko watu huenda kwa basi au teksi.

Ano Poli ni jambo jingine kabisa. Huu ndio mtaa wa nyumba za zamani zenye vyumba vilivyotokeza juu ya njia, kuta za kale za mji, na ngome ya Eptapyrgio iliyokuwa gereza hadi mwaka 1989. Hapo pia pana monasteri ya Vlatadon, ambapo mapokeo husema Paulo alihubiri. Jioni, ghuba nzima huonekana ikiwa imelala chini yako. Bei za vyumba mara nyingi ni za wastani, na usiku ni mtulivu. Lakini mtaa huu hulipiwa kwa magoti. Njia zake ni za mawe, nyingine ni ngazi tupu, na teksi haiwezi kufika kwenye kila mlango. Mwenye sanduku zito, mzee, au mama mwenye mtoto mgongoni, aulize kwanza: kutoka mahali gari linaposimama hadi mlangoni kuna ngazi ngapi? Mwenye nyumba mwaminifu atakuambia idadi. Akikujibu kwamba ni "mwendo mfupi tu", tafuta kwingine.

Mashariki mwa Mnara Mweupe, njia ya miguu ya Nea Paralia hufuata maji kwa zaidi ya kilomita tatu hadi kwenye ukumbi wa muziki wa mji. Majengo yaliyo nyuma yake ni ya wakazi wa kawaida, na hivyo hivyo Kalamaria iliyo mbele zaidi, mji uliokuzwa na wakimbizi Wagiriki waliotoka Asia Ndogo katika miaka ya 1920. Familia inayokaa juma zima hupata huko nafasi na utulivu.

Na anayetaka kuogelea? Kuna chaguo mbili. Ya kwanza ni Perea, Nei Epivates na Agia Triada, vijiji vya ufuoni upande wa pili wa ghuba, kupita uwanja wa ndege. Ya pili ni rasi ya Chalkidiki, ambako maji ni safi zaidi na mchanga ni mwingi, lakini safari ni ya saa moja au zaidi kwenda tu. Mtu anayefikiri atalala mjini na kwenda Chalkidiki kila asubuhi atatumia likizo yake ndani ya gari. Ni heri agawanye siku: tatu mjini, nne ufuoni. Msomaji wa Pwani hatalishangaa jambo hili, kwani hata Mombasa anayetaka mchanga halali Mji wa Kale.

Hapa ndipo inapokuja ile sababu ya kutoidharau Vardaris. Mabasi ya kwenda mikoani hayaondoki mahali pamoja. Yale ya kwenda Veria, Kavala na kwingineko huondokea kituo kikuu kilicho magharibi mwa mji. Yale ya Chalkidiki yana kituo chake nje ya mji, mashariki kabisa. Makundi ya Wakristo yanayofuata nyayo za Paulo huelekea Veria, ndiyo Beroya ya Matendo ya Mitume, iliyo kilomita zipatazo 70 kutoka mjini, na Kavala, ndiyo Neapoli, kilomita zipatazo 150 upande wa pili, ambako Filipi iko jirani. Kwao, hoteli ya wastani karibu na kituo cha reli ina faida kuliko ya fahari karibu na mnara. Anayeelekea Chalkidiki naye alale mashariki, asije akavuka mji wote na mizigo asubuhi ya joto.

Nyumba za kupanga kwa siku chache zimeongezeka sana, na nyingi zimo katika majengo ya ghorofa ya miaka ya 1950 hadi 1970. Baadhi ya zile za bei ya chini kabisa ziko nusu chini ya ardhi, dirisha likiwa sambamba na miguu ya wapita njia. Picha haziwezi kukuambia hivyo. Uliza ghorofa ya ngapi na kama lifti inafanya kazi. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 30 kwa urahisi, kwa hivyo kiyoyozi kiwemo katika chumba cha kulala, si sebuleni pekee. Kipupwe nacho huleta baridi ambayo Mkenya haitarajii Ugiriki, pamoja na upepo wa kaskazini magharibi uitwao Vardaris. Katika majengo mengine joto la pamoja huwashwa kwa saa maalumu tu, hivyo uliza kama nyumba ina mtambo wake. Sheria inaitaka kila nyumba ya aina hii isajiliwe kwa mamlaka ya kodi na nambari hiyo, AMA, ionekane kwenye tangazo. Tangazo lisilo nayo liache, hasa kama unahitaji stakabadhi ya visa. Na usishangae kukuta chooni kikapu cha karatasi: katika majengo mengi mabomba ni membamba na karatasi hazitupwi ndani.

Kuna gharama ambayo mara nyingi haimo katika bei uliyoona. Ugiriki hutoza ada ya mabadiliko ya hali ya hewa, inayolipwa kwa chumba na kwa kila usiku, si kwa mtu. Kwa viwango vilivyoanza mwaka 2025, kati ya Aprili na Oktoba hoteli ya nyota moja au mbili hutozwa euro 2, ya nyota tatu euro 5, ya nne euro 10 na ya tano euro 15. Nyumba ya kupanga ya kawaida ni euro 8. Katika miezi ya baridi ada hupungua. Kwa hivyo mtu mmoja katika chumba cha nyota nne kwa usiku saba hudaiwa euro 70 zaidi mezani, na ndugu wawili wakigawana chumba hicho hulipa 35 kila mmoja.

Tarehe nazo zina athari kubwa. Agosti, hasa kuelekea sikukuu ya tarehe 15, wenyeji wengi huenda ufuoni na mji hubaki wazi; vyumba hupatikana, ijapokuwa maduka mengi hufungwa. Septemba huja maonyesho ya kimataifa ya biashara, ambayo yamekuwa yakiandaliwa tangu mwaka 1926, na hoteli hujaa wafanyabiashara na wanasiasa. Tarehe 26 Oktoba ni siku ya Mtakatifu Dimitrios, msimamizi wa mji, na siku mbili baadaye hufuata sikukuu ya taifa yenye gwaride. Novemba kuna tamasha la filamu. Anayetaka chumba katika siku hizo akitafute mapema kuliko anavyotafuta visa. Asiyefungwa na tarehe achague Mei au nusu ya kwanza ya Juni, wakati mtu anaweza kupanda hadi Eptapyrgio adhuhuri bila kutafuta kivuli kila hatua kumi.