Maji ya Mbita na Karatasi Mbili za 1929

Mjadala wa umwagiliaji ukizuka katika ukanda wa Ziwa Viktoria, Mbita ikiwemo, hakosekani mtu wa kusema kwamba Misri imetufunga mikono. Dai hili limerudiwa hadi likageuka historia. Mimi nalipinga. Mkataba wa Misri wa 1929 juu ya maji ya Naili ulikuwa dhuluma, hilo halina ubishi. Lakini sheria iliyoamua hasa ni nani wa ufuoni achote maji na nani aombe ruhusa ilitungwa Nairobi, na ilitungwa mwaka uleule wa 1929.

Tarehe 7 Mei 1929, Lord Lloyd, mwakilishi wa Uingereza mjini Cairo, na Waziri Mkuu wa Misri, Mohamed Mahmoud Pasha, walibadilishana barua. Uingereza ikaahidi kwamba Sudan na nchi zilizokuwa chini yake hazitajenga mitambo ya umwagiliaji wala ya umeme kwenye Naili, matawi yake au maziwa unakotoka, bila Misri kuafiki. Wengi huishia hapo, wakaliacha sharti lililofungamana na ahadi hiyo: katazo liliihusu mitambo ambayo ingeidhuru Misri kwa kupunguza maji yanayoifikia, kubadili majira ya kufika kwake au kushusha kina chake. Shamba la nyanya la kisiwa cha Rusinga, jirani na Mbita, halifiki huko kwa mizani yoyote. Ziwa lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,800 hivi. Maji yake mengi ni mvua inayolinyeshea lenyewe, na mengi hurudi angani kwa jua.

Isitoshe, Tanganyika ilitangaza mwaka 1962 kwamba haifungwi na barua hizo, na Kenya ilipopata uhuru ikashika msimamo wa namna hiyo juu ya mikataba ya kikoloni. Mei 2010 Kenya ilitia saini mkataba mpya wa ushirikiano wa Bonde la Naili. Mkataba huo ulianza kutumika tarehe 13 Oktoba 2024, Kenya ikiwa bado haijauridhia, na hilo ni kosa letu wenyewe. Anayesema leo kwamba barua za Lord Lloyd zinamzuia mkulima wa Mbita, sina subira naye.

Karatasi ya pili ndiyo iliyotugusa. Sheria ya Maji ya 1929 iliyaweka maji ya koloni chini ya usimamizi wa serikali. Ile ya 1951 ikakaza fundo: maji yakawa mali ya Mfalme, na Bodi ya Ugawaji Maji ikawa ndiyo ya kugawa. Sheria hizo zilikidhi haja za walowezi wa nyanda za juu, waliokuwa na mito ya kugombania na mawakili wa kuwaandikia maombi. Msuba na Mluo wa ufuoni hawakuulizwa.

Baada ya uhuru mwenye mali akawa Serikali. Sheria ya 2002, na baadaye ya 2016, zimechora mpaka ambao kila mtu wa Mbita anauishi: anayechota maji ya nyumbani bila mtambo wowote hahitaji kibali. Mama anayeingia ziwani hadi magotini na kuinamisha mtungi wa lita 20 yuko huru. Hatua chache kando, kijana ameweka pampu ya petroli juu ya mawe, mdomo wa mpira ameufunga kipande cha wavu usivute magugu, anamwagilia sukuma wiki. Huyo sheria inamtambua kuwa mtumiaji wa daraja fulani. Kanuni za 2007 ziliweka madaraja manne, A hadi D, kadiri matumizi yanavyoweza kuathiri chanzo, na umwagiliaji ukatozwa senti 50 kwa mita ya ujazo. Tozo hiyo haikuwa ya kumwangusha mtu. Kinachomchosha ni makaratasi, na ofisi ya maji ya bonde iliyoko Kisumu.

Wapo wanaotaka vibali vyote vifutwe kwa kuwa ni masalia ya ukoloni. Hawa nawasikiliza, maana mzizi wameuona. Ila kwenye Mto Kuja, kule Migori, maji hupungua kiangazi, na anayefyonza juu humnyima aliye chini. Sheria ya 2016 inayatanguliza maji ya nyumbani mbele ya matumizi mengine yote, na bila kibali sioni kipaumbele hicho kitalindwa na nani.

Badiliko kubwa la maji ya Mbita, hata hivyo, halikuletwa na pampu. Tuta la barabara ya kwenda Rusinga, lililojengwa miaka ya 1980, liliziba mkondo kati ya ghuba na ziwa kuu hadi daraja lilipojengwa miaka ya 2010. Sheria ya wakati huo haikuhusu kuchota peke yake. Ilihusu pia kuzuia na kugeuza maji. Watafiti wanaopekua barua za Cairo wangetufaa zaidi wakiyatafuta majalada ya tuta hilo: nani aliomba, nani aliidhinisha, na kama wavuvi wa pande zote mbili waliwahi kuulizwa.