Mbuzi wa Marudiano

Usiku wa Jumamosi, tarehe 21 Desemba 2024, sebule ya baba mkubwa hapa Tarime ilijaa vijana, simu moja imeegemezwa kwenye kikombe katikati ya meza. Tyson Fury alikuwa anarudiana na Oleksandr Usyk mjini Riyadh. Saa ya Riyadh ndiyo saa yetu, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kudamka alfajiri kama walivyofanya wazee wetu. Ulikuwa msimu wa tohara na shamrashamra zilikuwa zimetuchosha mchana kutwa, lakini ubishi ulikuwa bado mbichi. Fury ana urefu wa sentimita 206. Usyk ni mfupi kwake kwa kichwa karibu kizima. Mwezi Mei Usyk alikuwa ameshinda kwa majaji kugawanyika. Binamu yangu alisema mtu mkubwa hapigwi mara mbili na mtu mdogo. Mwingine alikuwa na wasiwasi kwamba Fury ameongeza kilo nyingi mno, safari hii atachoka mapema.

Baba mkubwa, ambaye tulidhani amesinzia, akauliza, "Huyo mrefu, mara ya kwanza alishindwa kwa sababu gani?"

Kila mtu akatoa sababu yake.

"Hamjui," akasema. "Basi hamna la kutabiri."

Nilijua anakoelekea. Kwa mwaka mzima nilikuwa nakusanya kumbukumbu za mgambo wa Mara waliokwenda Vita vya Kagera, kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili. Kila nilipomuuliza baba mkubwa habari za vita, alianza na ndondi. Mwanzoni nilidhani ananikwepa, nikawa nazima kinasa sauti mpaka amalize. Leo najuta kwa zile dakika nilizozipoteza.

Pambano lake ni la Muhammad Ali na Leon Spinks. Tarehe 15 Februari 1978, mjini Las Vegas, Spinks alimshinda Ali kwa pointi baada ya raundi 15. Kabla ya hapo Spinks alikuwa na mapambano saba tu ya kulipwa. Alikuwa bingwa wa Olimpiki ya Montreal ya 1976, michezo ambayo Tanzania iliisusia kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Kwa hiyo kwa watu wa huku Spinks alitokea hewani. Ali walimjua. Tangu amwangushe Foreman kule Kinshasa mwaka 1974, alikuwa ndugu. Marudiano yakapangwa tarehe 15 Septemba, New Orleans. Spinks alikuwa na miaka 25, Ali 36, na hakuna bondia aliyewahi kuutwaa ubingwa wa dunia wa uzito wa juu mara tatu.

Mzungumzaji mwenzake baba mkubwa alikuwa kijana wa Mugumu waliyekuwa naye JKT. Huko ndiko wote wawili walikovaa glavu kwa mara ya kwanza. Kijana huyo ni kaka mkubwa wa mama yangu. Ndoa ya wazazi wangu ni tunda la urafiki ule. Sikumwona kamwe. Nitamwita mjomba.

Mwaka ule Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Zanzibar ilikuwa nayo tangu 1974, lakini huko ndondi zilikuwa zimepigwa marufuku tangu 1964, marufuku iliyodumu karibu miaka 60. Ndiyo nchi yetu hiyo: wenye runinga hawana ndondi, wenye hamu ya ndondi hawana runinga. Tarime ilitegemea redio. Mpaka wa Sirari ulikuwa umefungwa tangu Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, lakini sauti haiombi kibali, na baba mkubwa alizoea kusikiliza stesheni za Kenya. Mwezi Agosti alisikia humo kwamba Kenyatta amefariki. Betri zilikuwa adimu. Alizianika juu ya bati mchana ili ziamke, na wiki ya mwisho kabla ya pambano alikataa kuwasha redio hata kwa taarifa ya habari.

Wasiwasi wao ulikuwa wa namna mbili. Baba mkubwa aliogopa umri. Kwetu watu huhesabiana kwa rika la tohara, na kwake Ali alikuwa mtu wa rika la juu anayekwenda kupigana na vijana waliotahiriwa jana. Akishinda hapati sifa, akipigwa ni aibu ya rika zima. Tena, alisema, raundi 15 si bahati nasibu. Mtu anaweza kupigwa ngumi moja ya ajali, lakini haiwezekani ajali ikadumu dakika 45. Akamchagua Spinks, kwa uchungu, kama mtu anayetabiri kifo cha ng'ombe wake mwenyewe.

Mjomba alisema Februari Ali alipanda ulingoni bila kujiandaa kwa sababu alimdharau mtoto. Mtu aliyeshindwa kwa uzembe dawa yake ipo. Aliyeshindwa kwa uzee hana dawa. Yeye aliona uzembe. Wakawekeana dau la mbuzi. Kulikuwa na ubishi mwingine mrefu juu ya pengo la Spinks, kama lilionyesha kwamba ana asili ya Wajaluo, majirani zetu waliokuwa na desturi ya kung'oa meno ya chini. Pengo la Spinks lilikuwa la juu, lakini picha ya gazeti waliyokuwa nayo haikuwa safi.

Swali lao, kama ushindi wa kwanza ulikuwa ukweli au ajali, ndilo linaloamua utabiri wa marudiano yoyote, na historia hailijibu kwa namna moja. Mwaka 1936 Max Schmeling alimwangusha Joe Louis. Mwaka 1938 Louis alimmaliza kwa sekunde 124. Mwaka 1960 Floyd Patterson alimwangusha Ingemar Johansson aliyemnyang'anya ubingwa mwaka mmoja kabla. Lakini Sonny Liston alirudiana na Ali mwaka 1965 na hakuvuka raundi ya kwanza.

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 16 Septemba, redio ilisema Ali ameshinda kwa pointi za majaji wote. Mjomba alikuwa Mugumu. Baba mkubwa akamtumia salamu kwamba mbuzi wake yupo, aje amchukue baada ya mavuno.

Wiki sita baadaye majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka wa Kagera.

Hapa ndipo nilipoanza kuacha kinasa sauti kiwake. Kwa baba mkubwa vita ile ilikuwa marudiano. Raundi za kwanza zilipigwa Septemba 1972, wafuasi wa Obote walipoingia Uganda wakitokea Tanzania wakatawanywa, na ndege za Amin zikashambulia Bukoba na Mwanza. Nyerere akakubali mapatano ya Mogadishu. "Tulijiuliza lile lile," aliniambia. "Mwaka 72 tulishindwa kwa sababu gani?" Mjomba akajibu kama alivyojibu juu ya Ali: hatukujiandaa. Akajiandikisha.

Novemba hiyo hiyo Amin, ambaye aliwahi kuwa bingwa wa ndondi wa Uganda, alitangaza kwamba yuko tayari kumaliza ugomvi ulingoni na Nyerere, Muhammad Ali awe refa. Dunia ilicheka. Baba mkubwa anasema kwao kuna wazee waliohofu kweli, maana Mwalimu, mtu wa Butiama, hakuwa na mwili. Nadhani kicheko hicho cha Amin ndicho kilichounganisha ndondi na vita katika kumbukumbu za wazee wangu, na sitashangaa ikiwa baadhi ya mazungumzo wanayoyaweka Septemba yalifanyika Desemba. Nimeandika hivyo kwenye tasnifu. Baba mkubwa hajaipenda sentensi hiyo.

Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Hesabu ya Tanzania ni wanajeshi 373 waliokufa, 96 tu kati yao vitani. Wengi waliobaki ni ajali na maradhi. Mjomba alikufa lori lilipopinduka. Mbuzi hakuchukuliwa.

Ali mwenyewe alifika Dar es Salaam mwaka uliofuata, ametumwa na Rais Carter kuomba Afrika isusie Olimpiki ya Moscow. Nyerere alikataa kumwona. Tanzania ikaenda Moscow, na Suleiman Nyambui, mtoto wa Majita, akarudi na fedha ya mita 5,000.

Usiku ule wa Desemba Usyk alishinda tena, 116 kwa 112 kwa majaji wote watatu. Vijana walitawanyika wakilaumiana. Baba mkubwa alibaki ameketi, kisha akasema, "Mura, kesho kutwa tunakwenda Mugumu."

Tulimpakia beberu mwekundu nyuma ya gari la kukodi, tukavuka Mto Mara kabla ya saa nne. Mama mkubwa, dada wa marehemu, alisikiliza habari yote ya Spinks na Ali bila kutia neno. Akamzunguka beberu, akampapasa mgongo.

"Shemeji," akasema, "yule wa 1978 alikuwa jike au dume?"

Baba mkubwa akakiri kwamba alikuwa jike.

"Basi kaa tuhesabu wajukuu wake."