Tairi Zilizovunja Range Rover

Mwezi jana nililipwa kuandika maelezo ya tairi. Duka liko hapa Nairobi, jina tuliache. Kazi ilikuwa rahisi: picha ya Range Rover nyeusi yenye tairi kubwa, zile zimeandikwa A/T ubavuni, halafu maneno machache ya kumfanya mtu wa Kilimani ajione yuko Turkana. Nikaongeza sentensi moja kuhusu difu. Wakaifuta.

Sentensi hiyo niliitoa mbali kidogo, Darién. Huu ni msitu na kinamasi kati ya Panama na Kolombia, mahali ambapo barabara inayoteremka kutoka Alaska inakatika kabisa. Desemba 1971 kundi la Waingereza, likiongozwa na afisa wa jeshi John Blashford-Snell, liliondoka Alaska na Range Rover mbili. Walitaka kufika ncha ya kusini ya Amerika kwa gari.

Range Rover ilikuwa changa bado, imetoka 1970. Usifikirie hii ya viti vya ngozi. Ile ya kwanza ilikuwa na viti vya plastiki na sakafu ya kuosha kwa mpira wa maji. Lakini ilibeba injini ya V8 ya lita 3.5, na springi zake zilikuwa laini kuliko za Land Rover ambayo wazazi wetu waliijua kwa kuumwa mgongo.

Kwa ajili ya kinamasi walifungiwa tairi pana, kubwa kuliko za kiwandani. Wazo halikuwa la kijinga. Tairi kubwa inakanyaga eneo kubwa, kwa hivyo gari halizami haraka. Msituni, difu zikaanza kupasuka. Moja, halafu nyingine.

Mimi niliacha uhandisi mwaka wa pili, kwa hivyo nitaeleza kwa lugha ya gereji. Umeshaona fundi akichomeka bomba kwenye spana ili afungue nati iliyokataa? Mkono ukirefuka, nguvu inaongezeka. Tairi kubwa ni mkono kama huo, ila anayeushika ni matope, na kinachonyongwa ni meno ya difu. Tairi ya kawaida ikizidiwa huteleza, na kule kuteleza ni kama fyuzi: kunaokoa kilicho nyuma yake. Hizi kubwa ziling'ang'ania. Sasa ongeza mizigo waliyokuwa wamerundika kwenye gari.

Ikabidi kiwanda kitume mhandisi na vipuri kutoka Uingereza. Dawa yenyewe haikuwa na maajabu: rudisha tairi za kawaida, punguza mzigo. Wakati huo, Land Rover kuukuu iliyopatikana Panama ndiyo ilitangulia kufungua njia, na mbele yake watu wenye mapanga wakikata msitu kwa mikono. Kilomita kama 400 ziliwala karibu siku 100. Juni 1972 wakafika Tierra del Fuego, na sifa, si unajua, zikaenda kwa Range Rover. Ile Land Rover mzee mtu haiulizii.

Wanunuzi wengi wa hizi tairi hawaendi kinamasini. Wanaenda Naivasha wikendi. Hata hivyo, hesabu inawafuata kwa lami. Tairi ikizidi ya kiwandani kwa asilimia 10 ya kipenyo, mshale ukisoma 100 wewe uko 110. Gari linakuwa zito kuondoka, mafuta yanaenda, na ukikata kona kali unasikia mpira ukisugua plastiki. Si kwamba usibadilishe. Inchi moja hivi, kwa mtu wa njia mbovu kweli, mara nyingi inafaa. Ukitaka kubwa zaidi, fundi huenda akalazimika kubadilisha pia gia za difu, na hiyo bei haiko kwenye picha.

Duka lilisema sentensi yangu itaogopesha wateja. Nikalipwa, nikanyamaza, kodi ilikuwa tarehe tano. Ilikuwa hivi: “Kabla hujalipa, muulize fundi kama difu yako inaweza kuzibeba.”