Mgeni Siku ya Tatu

Nilipofika Mamboya mwezi wa pili, mama hakuniuliza habari za Marekani. Aliniacha nikalala, nikaamka, nikasalimia majirani. Asubuhi ya tatu nikakuta jembe limeegemezwa kwenye mlango wa chumba changu. Mahindi yalikuwa yanasubiri palizi, na methali ya mgeni siku mbili sote tunaijua inavyomalizika.

Lakini sikuja likizo. Nilikuja kazini, kwa mkataba wa miezi minne wa kurekodi wazee wakizungumza Kikaguru na kuyaandika maneno yao moja baada ya jingine. Fomu ya mkataba ilikuwa na safu mbili, mtaalamu wa ndani na mtaalamu wa nje, na malipo hayakufanana. Kijana aliyeijaza alitazama anwani yangu ya Minnesota, akatazama pasipoti yangu ya Tanzania, akakuna kichwa, kisha akatia alama upande wa ndani. Kifedha nilipata hasara. Ila nilishukuru, kwa sababu asiye raia hufanya kazi hapa nchini kwa kibali, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2015. Mimi sikuhitaji kibali. Bado.

Neno hilo "bado" ndilo nililotembea nalo miezi yote minne.

Niliolewa na Mmarekani, nikamfuata kwao. Wanaokwenda kwa njia ya ndoa wanaujua mlolongo huu. Ndoa ikiwa haijatimiza miaka miwili, grinikadi ya kwanza ni ya masharti, na hudumu miaka miwili. Kisha mnathibitisha tena, kwa picha, risiti na hati za benki, kwamba mnaishi pamoja kweli. Baada ya miaka mitatu ya ukaaji, aliyeolewa na raia anaweza kuomba uraia. Ila ukikaa nje zaidi ya miezi sita mfululizo, hesabu ya ukaaji wako inatiliwa shaka. Ukipitisha mwaka, kadi yenyewe iko hatarini. Kwa hiyo nilikuja kwetu nikiwa nimezungushia kalamu nyekundu tarehe ya kuondoka.

Jioni, baada ya kurekodi, nilisoma habari za mtu mwingine aliyefika Mamboya kwa sababu ya ndoa. Katika karne ya 19 Mamboya ilikuwa kituo kwenye njia ya misafara kati ya pwani na Mpwapwa. Karibu mwaka 1880 wamisionari wa Church Missionary Society walijenga hapa, na mmoja wao, Joseph Last, aliishi hapa na mkewe Annie. Huyo mama ni miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Ulaya kuishi bara, mbali na pwani. Hakukaa sana. Alifia hapa hapa Mamboya. Mwaka 1886 mumewe alichapisha London kitabu cha sarufi ya Kikaguru, lugha ile ile niliyolipwa kuiandika.

Nilimfikiria sana Annie, si kwa utakatifu wala kwa ukoloni, bali kwa pasipoti. Kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1870, mke alihesabiwa kuwa wa nchi ya mumewe. Mwingereza aliyeolewa na Mwingereza mwenzake hakupoteza kitu. Lakini aliyeolewa na Mjerumani au Mfaransa aliacha kuwa Mwingereza siku ya harusi, hata kama hakuwahi kupanda meli. Utaratibu huo uliondolewa na sheria ya uraia ya mwaka 1948.

Marekani nayo ilikuwa na yake. Sheria ya mwaka 1907 ilimvua uraia Mmarekani mwanamke aliyeolewa na mgeni. Ethel Mackenzie, mzaliwa wa California, aliolewa na Mskoti na wakaendelea kuishi California. Alipokwenda kujiandikisha kupiga kura, akaambiwa yeye si raia tena. Alifika hadi Mahakama Kuu ya Marekani, akashindwa mwaka 1915. Hoja ya mahakama ilikuwa kwamba alijua matokeo ya ndoa hiyo na akaiingia kwa hiari. Sheria ilianza kubadilishwa mwaka 1922. Fikiria mwanamke huyo akitoka mahakamani na kurudi mtaa aliokulia, mgeni kwao bila kuhama.

Tusiwacheke. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1979 wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake unataka mke na mume wawe sawa katika uraia, na Tanzania iliuridhia mwaka 1985. Miaka kumi baadaye tukatunga sheria yetu ya uraia, ya mwaka 1995. Mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania ana njia yake ya kuomba uraia kupitia ndoa. Mwanamume mgeni aliyeoa Mtanzania hana. Anapita mlango wa wageni wote. Yaani mume wangu akitaka kuhamia Mamboya, ndoa yetu haimfungulii mlango niliofunguliwa mimi kwao. Na sheria hiyo hiyo haimkubalii mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili.

Siku moja nilimrekodi mzee mmoja kuhusu ndoa za zamani. Wakaguru tunafuata ukoo wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana sauti kuliko baba. Mzee akaeleza kwamba enzi za babu zake kijana akioa alikwenda kuishi kwa wakwe kwa muda, akiwalimia na kuwajengea. Aliyehama kwa ndoa alikuwa mwanamume! Kwao kukiwa na msiba au mavuno, alirudi akafanya kazi siku kadhaa, kisha akarejea kwa mkewe.

Nikamuuliza, "Babu, nani alimpa ruhusa ya kufanya kazi kwao?"

Alicheka hadi kinasa sauti kikatetemeka juu ya kigoda. "Mjukuu wangu, mtu wa ukoo haombi ruhusa. Anaitwa."

Usiku ule nilipoyaandika maneno yake, niliirudia sehemu hiyo mara nne, nikijisingizia kwamba sauti haisikiki vizuri.

Wiki mbili kabla ya kuondoka, mjomba alikuja na habari kwamba mashamba ya kijiji yanapimwa kwa ajili ya hati za hakimiliki za kimila. Shamba la mama, ambalo mama yake alilima na bibi yake alilima, lingeandikwa. Akakaa barazani, akavua kofia.

"Mpwa wangu, tuandike na jina lako, au unakwenda kuwa Mmarekani?"

Hakuuliza kwa ubaya. Mtu asiye raia hamiliki ardhi hapa kama raia. Sheria ya ardhi ya mwaka 1999 inamruhusu kwa ajili ya uwekezaji tu. Nimesikia juu ya hadhi maalumu wanayowekewa Watanzania wa asili waliochukua uraia wa nje, nami naifuatilia. Lakini mjomba hakuuliza kuhusu hadhi. Aliuliza kuhusu jina.

Kuna upande wa pili ambao hakuujua. Mwenye grinikadi hawezi kumwombea mzazi wake ukaaji Marekani, raia anaweza. Mama ana shinikizo la damu, na mimi ndiye binti yake pekee. Nikichukua uraia wa kule, ninaweza kumwita mama akaishi nami, lakini shamba lake linakosa mrithi wa kuandikwa. Nisipouchukua, shamba lina jina langu, na mama anabaki nalo peke yake.

Nikamweleza mama yote mawili. Alikuwa anachambua maharage. Alinyamaza hadi ungo ukaisha.

"Mimi Marekani nikafanye nini, mwanangu? Nani atanipa jembe huko?"

Basi jina langu limeandikwa chini ya lake. Mume wangu nilimpigia simu usiku huo. Alikuwa anatarajia niombe uraia mwaka huu, na hakuficha kwamba ameumia. Tumekubaliana nisubiri, ila hatujakubaliana hadi lini. Kila ninapofikiria shinikizo la mama najiuliza kama nimechagua vizuri, na sina anayeweza kunijibu.

Niliondoka siku ya mia moja na ishirini na tatu. Uwanja wa ndege wa Minneapolis ofisa aliigeuza kadi yangu, akauliza nilikuwa nafanya nini Tanzania muda wote huo.

"Kazi," nikamwambia. "Niliitwa nyumbani."

Akagonga muhuri.