Pasipoti na viza (Masisi na Walikale)

Pasipoti za wakazi wa teritori za Masisi na Walikale, mkoani Kivu Kaskazini, hutolewa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Pasipoti ya kawaida hudumu miaka 5. Ikiisha haiongezewi muda. Hutolewa kitabu kipya, na mwombaji hufika mwenyewe kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Kwa miaka mingi safari hiyo iliishia Goma, mji mkuu wa mkoa.

Uthibitisho wa uraia

Hapa ndipo penye uzito. Kongo haijafanya sensa tangu 1984, na kadi ya mpiga kura imeshika nafasi ya kitambulisho cha taifa. Vijijini watoto wengi hawakuandikishwa walipozaliwa, na vita vimepoteza karatasi za waliokimbia.

Masisi ina historia yake chungu. Kuanzia 1937 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ilihamishia Gishari, huko Masisi, familia nyingi kutoka Rwanda. Sheria ya 1972 iliwapa uraia waliotoka Ruanda-Urundi na kukaa Kivu kabla ya 1950. Sheria ya 1981 ikaufuta, ikidai ukoo uwe nchini tangu 1885, na hivyo watu waliozaliwa Masisi wakageuzwa wageni kwao. Mwezi Machi 1993 mzozo huo ulizaa mauaji yaliyoanza sokoni Ntoto, Walikale, yakasambaa Masisi. Sheria ya Novemba 2004 ilihamishia kipimo cha ukoo kwenye uhuru wa 1960, lakini shaka juu ya jina la mtu au kijiji chake haijaisha.

Bei

Pasipoti ya bayometriki ya kampuni ya Semlex, ya Ubelgiji, ilianza 2015 kwa dola 185, bei nzito mno kwa mkulima. Mwaka 2017 shirika la habari la Reuters lilifichua kwamba dola 65 tu kati ya hizo ziliingia serikalini. Bei ilishuka hadi dola 99 mwaka 2020, kisha 75 mwezi Juni 2025, kazi ilipokabidhiwa Dermalog ya Ujerumani. Bei hizo hazihesabu nauli wala malazi.

Barabara na vita

Safari ya pasipoti kwenda Goma ilivurugwa na vita: waasi wa M23 waliingia Masisi-kati na Goma Januari 2025, na uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Waliishika Walikale-kati Machi, wakaondoka Aprili. Serikali ya mkoa ilihamia Beni.

Viza

Viza iliyokwisha muda huombwa upya. Iliyo hai ndani ya pasipoti ya zamani, kama ya Schengen, hutumika pamoja na kitabu kipya, kwa hiyo kitabu cha zamani kisitupwe. Maombi ya Schengen hupelekwa Kinshasa, ambako hakuna barabara ya kuaminika kutoka Kivu. Kwenda Gisenyi, mji wa Rwanda unaopakana na Goma, wengi walitumia hati za CEPGL, jumuiya ya Kongo, Rwanda na Burundi iliyoundwa 1976. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na tangu Septemba 2023 mwenye pasipoti ya Kongo haombi tena viza ya Kenya.