Kabla Hujaposti Wali wa Nazi, Sikia ya Rufiji

Mtu wangu, hiyo sahani ya wali wa nazi na kamba unayoipiga picha Masaki kabla hujala ina historia ndefu kuliko hoteli yenyewe. Tushuke kusini, tuipite Kibiti, twende mpaka Ngorongo, bonde la Mto Rufiji.

Kule mpunga haukusubiri pampu. Mkulima alimwaga mbegu mvua zikianza, mto ukifurika Machi au Aprili mpunga nao unapanda na maji. Maji yakishuka yanaacha tope lenye rutuba, hapohapo wanapanda mahindi, kunde na maboga. Kilimo hicho wenyewe wanakiita mlau. Yaani mafuriko tunayoyaogopa mjini, kule ndiyo yalikuwa mbolea! Karne ya 19 mchele wa Rufiji ulipakiwa majahazini mpaka Zanzibar. Huko delta mikoko ililea kamba, minazi ikatoa nazi. Sahani ikatimia.

Lakini mpunga unataka mlinzi. Familia zilihamia shambani, zikalala kwenye dungu, kibanda cha juu ya nguzo. Mchana kufukuza ndege na nyani, usiku nguruwe na viboko.

Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Baada ya mafuriko ya 1968, serikali ikaja na Operesheni Rufiji: watu watoke bondeni, wakaishi vijiji vya Ujamaa kwenye miinuko. Nia ilikuwa njema, wawe salama, wapate shule na zahanati. Ila mashamba yalibaki kulekule chini. Sasa mtu analala mbali, usiku nani analinda? Nguruwe wakajilia. Wengi wakawa wanarudi dunguni kila msimu.

Ni ubishi tu? Hapana, ni njaa. Na mto nao si rafiki wa kila siku, Aprili 2024 ulizoa mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti. Aliyesema hameni hakukosea yote. Aliyerudi naye alijua anachokifuata.

Leo mjini tunasifia mchele wa Kyela, sawa. Lakini mabibi na mababu waliokesha dunguni ili mbegu isipotee, hakuna menyu inayowataja.

Basi ukiposti, andika hata neno moja chini ya picha: Rufiji.